Kesi ya Kiwanja cha Dagaa

Lukresia alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na juu ya kumtunza mgonjwa hakuna aliyekuwa na la kumfundisha. Mama yake, Anyesi, muuza dagaa wa Lamadi, alipopooza upande wa kushoto, alimhamishia kwake mjini Bariadi. Alimpa chumba chenye dirisha kubwa na godoro la hewa, dawa za presha akamnywesha kwa saa, akamgeuza na kumnyoosha viungo. Miezi minane ikapita bila kidonda hata kimoja.

Lakini Anyesi alikuwa anazimika. Kwanza aliacha kuuliza, kisha akaacha kujibu. Uji alikunywa vijiko vitatu, akageukia ukutani. Lukresia alimpima kila kinachopimika na kumpeleka kwa daktari. Majibu yakarudi hayana tatizo jipya.

Jumamosi moja sokoni, mwanamke mwenye beseni la dagaa alimkazia macho.

"Wewe si Lukresia wa Anyesi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi Mwandu, nilianika naye miaka yote. Pole, mwanangu. Msiba tuliusikia tumechelewa. Tulimlilia huko huko mwaloni, pale ufukweni tunapoanikia, siku mbili hatukuanika."

"Msiba gani? Mama yupo. Yuko nyumbani kwangu, hapo nyuma ya stendi."

Mwandu alilitua beseni lake. Akaketi chini kabisa, kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kitenge.

Njia nzima ya kurudi Lukresia hakuwa na amani. Simu ya mama aliizima yeye mwenyewe wiki ya kwanza, ili mgonjwa apumzike, na laini ikafungwa. Watu walipiga wasimpate, na kimya kile wakakielewa kama kinavyoeleweka.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, wanawake tisa walishuka kwenye gari la mizigo getini. Lukresia alijipanga kuwaambia waingie wawili wawili na wasikae sana. Hawakumpa nafasi.

"Mwangaluka, mayu!" wakamsalimu mama kwa Kisukuma.

Waliingia wote, wakajaza chumba na harufu ya ziwa. Mwandu aliushika ule mkono uliokufa, wengine wakagusa miguu kwa ncha za vidole, kama mtu anayehofia kwamba akibonyeza kitapotea. Anyesi aliwatazama, machozi yakimshuka hadi masikioni.

"Mayu," Mwandu akaanza, "hatukuja kukusalimia tu. Tuna kesi."

"Mama Mwandu, tafadhali," Lukresia akaingilia. "Mgonjwa msimchoshe."

"Tunakusikia, muuguzi. Ila hii imetushinda, na za kwetu zote alikuwa anaamua yeye."

Wakasimama Salu na Evalina. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza alama za viwanja vyao vya kuanikia, na kila mmoja alidai mchanga uliobaki ni wake. Miezi mitano hawakusalimiana. Salu alifiwa na kaka yake, Evalina hakwenda.

Anyesi alifumba macho. Lukresia akadhani amelala, akaenda kuandaa chai. Aliporudi na sinia, alisimama mlangoni, kwa sababu kulikuwa na sauti chumbani ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi.

"Maji yamefika lile jiwe la kufulia, au yamelipita?"

"Yamelipita, mayu," Salu akajibu. "Hatua kumi na mbili."

"Basi kiwanja chako kiko majini, Salu. Cha Evalina kimebaki. Hapo mnagombania nini?"

Salu akainamisha kichwa.

"Ila ziwa halikumchagua Salu kwa ubaya wake." Anyesi akavuta pumzi ndefu. "Mko wangapi hapo mwaloni? Arobaini? Kila mmoja apunguze hatua moja ya kiwanja chake, msogee kuelekea barabarani. Salu atapata pa kuanika. Na wewe Evalina, leo leo uende kwa Salu kumpa pole ya msiba."

Hakuna aliyepinga. Evalina alipiga magoti penye kitanda, Salu akafuata, na wanawake wote wakatoa pumzi pamoja. Lukresia alisimama pale hadi chai ikapoa. Alimjua mama aliyenuka dagaa na kumlipia shule. Huyu ambaye watu arobaini waliishi kwa amani kwa neno lake, alikuwa hajawahi kukutana naye.

"Lukresia," mama akaita, "mbona umeganda? Nina njaa."

Mkono wa kushoto haukuamka, wala mguu. Lakini Anyesi alikula, na simu yake mpya ikalia tangu alfajiri. Wanawake wakawa wanapitia kwake kila wakitoka sokoni. Mwezi wa tatu wa hali hiyo akataka kupelekwa Lamadi.

Huko mwaloni wanawake wanne walimbeba juu ya kiti, wakipita katikati ya dagaa waliotandazwa wakimeremeta hadi ukingo wa maji. Mbele yake kazi ilikuwa inasimama. Wanawake waliinuka mmoja baada ya mwingine, mikono ina magamba. Lukresia alifuata nyuma na mkoba wa dawa, akivua viatu bila kujua kwa nini.

Wakamketisha mchangani, katikati yao. Anyesi akachota dagaa kwa mkono mzima, akawanusa.

"Muuguzi," alisema bila kugeuka, "dawa muachie Mwandu. Uje unichukue jioni."

Lukresia akamkabidhi Mwandu mkoba.