Wembe wa Matanga

Tangu nywele za Apolinaria zianze kudondoka na kuacha viraka vya mviringo, ni mkono mmoja tu pale Goweko uliogusa kichwa chake, mkono wa dada yake Veneranda. Wanawake wengine walisema ni mapunye, wakamwambia asiketi mkeka mmoja nao wakati wa kusukana. Veneranda alizisuka zilizobaki, akazilaza zifunike uwazi. Sasa Veneranda amezikwa, na leo wanaondoa matanga.

Ndugu walikaa uani kunyolewa. Wembe ulikuwa mmoja, ukihama kichwa hadi kichwa, maana waliolia pamoja hunyolewa pamoja. Apolinaria alikaa pembeni, kitambaa amekifunga hadi kwenye nyusi. Kurukwa siku ya matanga ya dada yako ni kuambiwa hukuwa ndugu.

"Wifi, wewe una nini cha kunyoa?" alisema Kashindye, mke wa kaka yao. "Mapunye yamekwisha kukusaidia kazi."

Wawili watatu walicheka, kisha wakatazama chini.

"Si mapunye," Apolinaria alijibu polepole. "Bwana mganga Mwingereza, pale Tabora, alinitazama. Mapunye huwa na magamba, na hapa ngozi ni laini. Haiambukizi. Akanishika shingo, akauliza kama moyo hunienda mbio na mikono hutetemeka. Akauliza hata kama kuna ndugu mwenye mabaka meupe, nikamtajia marehemu shangazi. Alisema maradhi haya wakati mwingine hufuatana, nisiache kurudi."

"Bwana mganga hanyolewi kwa wembe huu," alisema Kashindye.

Imakulata, binti wa marehemu, ndiye aliyekuwa akinyoa, na nywele zake mwenyewe zilikuwa bado. Mnyoaji hunyolewa mwisho. Alikuja akapiga magoti nyuma ya Apolinaria.

"Mama mdogo, fungua kitambaa."

Alimlowesha kichwa kwa kiganja, akanyoa akizunguka viraka taratibu, kama mama yake alivyokuwa akisuka. Alipomaliza hakuusuuza wembe. Alimpa Apolinaria, akainamisha kichwa.

"Sasa ninyoe mimi."

Mkono wa Apolinaria ulitetemeka.

"Usijali, mama mdogo. Sina ninakokwenda."

Jioni vichwa vyote uani vilifanana. Apolinaria alijua vya wenzake vitaota nywele tena. Aliaga, akarudi nyumbani peke yake, kitambaa mkononi.