Paja la Nyuma

Chai ilikuwa imepoa na kujifunika utando pale mtambuzi wa nzi alipofungua picha ya kwanza kati ya zile zilizotumwa na wananchi asubuhi hiyo. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, kama kawaida: mgongo, mabawa mawili, milia ya manjano. Alikuwa nzi wa maua, wale wanaojivika rangi za nyigu ilhali hawana hata mwiba, na huning'inia hewani kama watu waliosahau walikuwa wakienda wapi. Aina mbili za nzi hao hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja ana paja jeusi kwenye mguu wa nyuma, mwenzake ana paja la manjano. Ukiwatazama mgongoni utakesha bure.

Akaandika lile jibu lake la miaka yote: "Asante. Kwa picha hii haiwezekani kujua. Tafadhali piga miguu."

Ofisini, kule nyuma ya jumba la makumbusho, walimwita Dada Miguu.

Watu hawakupiga miguu. Ukimsogelea nzi, anaruka. Aliyepiga miguu vizuri alikuwa mmoja tu, fundi saa aliyefariki mvua zilipoanza. Alipokuwa hai picha zake hazikuwa na lolote, maana mikono ilimtetemeka. Mkewe alileta taarifa ya msiba yenye picha yake, ofisi ikatuma rambirambi, na baada ya mazishi picha zikaendelea kuja kutoka namba ile ile. Sasa zilikuwa safi: paja, vinyweleo juu ya jicho, hata chavua kwenye ulimi. Fundi hakuwa tena na kivuli cha kuwashtua nzi, wala pumzi.

Mkuu wa idara alizitazama akiwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Marehemu ameendelea sana," akasema. "Muulize kama anaweza kupiga na uso wa nzi."

Akaulizwa. Akapiga na uso.

Macho ya Dada Miguu yalipata nafuu kidogo, maana paja sasa lilionekana mara moja. Hapo ndipo alipoanza kuona yaliyokuwa nyuma ya nzi. Mwanzoni palikuwa ukungu mtupu, kisha kila picha ikaja na nyuma iliyo wazi zaidi. Godoro limeegemezwa ukutani, nje. Kabati lenye mlango mmoja, kwenye jua la jioni. Mwanamke ameketi juu ya sanduku kando ya banda la kuku. Na mlangoni mwa nyumba, mwanamume mwenye sura ya marehemu mwenyewe.

Dada Miguu alimkuza. Paji la uso lile lile, pua ile ile. Lakini marehemu, katika picha ya taarifa ya msiba, sikio lake la kushoto lilikaa chini kidogo, na la huyu lilikuwa sawa na mwenzake. Alikuwa ndugu.

Akampelekea mkuu. "Huyu mama ni mjane wake. Ametolewa nje."

"Paja?"

"Manjano."

"Basi andika manjano, dada yangu. Mambo ya nyuma si idara yetu."

Jumamosi Dada Miguu alikwenda nyumbani kwa marehemu. Mjane alimpisha kwenye sanduku, yeye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jua lilikuwa linashuka. Fundi saa alichuchumaa kwenye maua karibu na uzio, kamera usoni.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Usimsemeshe kwanza, atamrusha mdudu wake."

"Haongei na ndugu yake?"

"Nimemwambia, baba wee, waache nzi, kaseme na mdogo wako. Anasema walinyonya ziwa moja, ataanzaje? Hata alipokuwa hai hakuweza kumgombeza mtu."

Yule ndugu, shemeji wa mjane, alitoka ndani na kikombe, akamsalimu mgeni kwa adabu.

"Namwona vizuri tu kaka yangu," akasema. "Uwanja nimemwachia, apige picha zake. Ila nyumba ni ya ukoo."

"Shemeji, matofali haya tulifyatua mimi na yeye, wewe hujaota ndevu."

"Ndivyo, shemeji. Lakini shahidi wako kafa."

"Si yule pale, anapiga picha?"

"Za nzi," akasema shemeji, akarudi ndani.

Dada Miguu alizipeleka picha kwa karani wa ardhi, ziwe ushahidi wa mjane. Karani alizisifu, hasa ile ya chavua. Akauliza nani kazipiga.

"Marehemu."

"Sawa. Ila lazima aje mwenyewe aape. Saa za kazi."

Marehemu hakuwahi kuonekana kabla ya jioni, na ofisi ilifungwa jua likiwa bado kali. Dada Miguu aliuliza kama wanaweza kumsubiri. Karani akasema hata walio hai hawasubiriwi.

Mkuu wa idara akaona picha zile zinafaa maonyesho. Zichapwe kubwa, zitundikwe ukumbini, ila nyuma iondolewe, maana inavuta macho. Aliyezikata ni Dada Miguu, kwa kuwa ndiye aliyejua paja linaishia wapi.

Siku ya kufungua walikuja watu wengi. Shemeji alivaa koti la kaka yake na kupokea pongezi kwa niaba ya familia. Giza lilipoanza kuingia fundi saa naye akafika, akasimama pembeni, watu wakimpisha. Mjane alikuja kwa miguu, kandambili zimejaa tope. Alisimama mbele ya nzi mkubwa kuliko mlango.

"Amependeza," akasema. "Na mimi hapa nilikuwa wapi?"

Dada Miguu alipima kwa macho, kisha akaweka kidole ukutani, kwenye chokaa tupu, mbali kidogo na ukingo wa picha.

"Hapa, mama."

Mjane alipatazama pale kwa muda. Akatikisa kichwa kukubali, akafunga kitenge vizuri, akaaga mapema, kwa sababu banda la kuku alimolala lilikuwa linavuja na mawingu yalikuwa yamekusanyika.