Matawi Yaliyomfunika Mama

Matawi hayakukatwa. Yalivunjwa. Nimelisema hilo mara ngapi tangu mwezi wa tano, na bado wajomba zangu wananitazama kama mtu anayeongea na ukuta.

Mama yangu, Batuli, aliuawa na tembo kwenye shamba letu la mahindi, nje kidogo ya Kondoa. Zamu ya kulinda ilikuwa ya mumewe, Yahaya, lakini Yahaya alikuwa na homa, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Mama akachukua tochi na debe la kupiga kelele, akaenda mwenyewe kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu tunachokitumia kufukuzia wanyama. Hadi alfajiri alikuwa hajarudi. Yahaya akajikokota kumfuata. Alimkuta pembeni mwa shamba, chini ya lundo la matawi mabichi, udongo umemwagwa juu yake. Ilionekana miguu tu. Akayatupa matawi huku na huku, akampakata, akapiga yowe. Majirani walipofika walikuta mwanamume mwenye damu kifuani, mke aliyekufa, na matawi.

Hawakuhitaji zaidi. Tembo anaua, walisema, lakini tembo hafichi maiti. Anayeficha ni mtu.

Na Yahaya si wa kwetu. Ni Mgogo wa Haneti, alizaliwa Bartolomayo, akasilimu miaka sita iliyopita ili amwoe mama, ambaye alikuwa mjane. Mjomba Ibrahimu, kaka mkubwa wa mama, hakuwahi kumwita Yahaya hata siku moja.

Mimi napanga chumba Miyuji, Dodoma mjini. Nilipigiwa simu alfajiri hiyohiyo, nikapanda basi la kwanza. Saa nne nilikuwa uani kwetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Nasra. Pole. Bartolomayo wenu ametumalizia dada."

"Yuko wapi?"

"Mtendaji amemfungia stoo ya kijiji. Polisi wanakuja. Na leo hagusi jeneza wala kaburi. Mikono ile haimziki mtu."

Nilikwenda shambani na huyo mtendaji wa kijiji, Mustapha, kijana mwenye faili kwapani. Nimesoma stashahada ya wanyamapori, miaka miwili, na wajomba walicheka sana nilipoianza. Msichana atakwenda kufuga fisi? Siku ile nilipiga magoti pale alipolala mama, nikafanya nilichofundishwa. Niliweka kandambili yangu kando ya unyayo, nikapiga picha. Kandambili ilionekana kama ya mtoto mchanga. Nikaokota tawi la mkole. Mwisho wake ulikuwa umechanika nyuzinyuzi, mfano wa muwa uliotafunwa, na gamba limebambuka hadi katikati. Panga haliachi hivyo. Nikautafuta mti wenyewe, nikaupata hatua thelathini kutoka pale. Kovu lilikuwa juu, mahali ambapo Mustapha, mrefu kama alivyo, hakufika hata aliponyoosha mkono na kuruka.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona mti, dada."

"Tembo hufunika, Mustapha. Humfunika mwenzake aliyekufa, na wakati mwingine humfunika mtu. Matawi, majani, udongo. Kuna watu waliolala usingizi tu porini, wakaamka wamefunikwa."

"Mimi nimesomea ushirika," akasema. "Mjomba wako akiniuliza, nitasema nini? Kwamba tembo amezika?"

"Ndiyo. Sema hivyo."

Akalihamisha faili kwapa la pili. Nilijua hatasema.

Jambo hili nilishamsimulia mama mwenyewe, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kwa simu. Alicheka hadi akakohoa. "Na wakishamfunika," akaniuliza, "wanamsomea Yasini?" Kisha akasema, "Maskini, kumbe nao hawapendi kuacha mtu hivihivi." Yahaya alikuwa karibu naye, nikamsikia akidai naye asimuliwe.

Niliporudi, tulimwosha mama. Mama mdogo Amina alishika birika, mimi nikapitisha mkono. Nitasema moja tu kuhusu hilo: mbavu za upande wa kulia hazikuwapo mahali pake, na hakuna mume duniani mwenye nguvu hizo. Nilimtazama mama mdogo. Naye aliliona. Akainamisha kichwa, akaendelea kumimina maji.

Jeneza lilitoka ndani saa saba kasoro, limefunikwa kitambaa cha kijani, liende msikitini halafu makaburini. Kwetu wanawake huishia mlangoni. Mimi nilitoka na lile tawi kwapani, nikapita katikati ya wanaume, nikaushika mpini wa mbele.

"Haondoki mpaka mumewe aje."

Nilisikia vilio vya wanawake vikikatika nyuma yangu.

"Achia," mjomba Ibrahimu akasema, kwa sauti ya chini.

"Mleteni Yahaya."

"Hakuna Yahaya hapa! Kuna Bartolomayo aliyemuua dada yangu, akamfukia kwa majani kama mtu anayeficha mkungu wa ndizi!"

"Tazama tawi hili, mjomba. Tazama lilivyochanika. Tazama picha, hii kandambili yangu, huu unyayo. Mti uko palepale, nendeni mkajipime nao."

"Elimu hiyo," mmoja akasema nyuma, "inafundisha kwamba tembo huchimba hata mwanandani wa kaburi?" Wachache wakacheka. Wakacheka, na mama yangu yuko juu ya mabega yao.

Mama mdogo Amina alinivuta kanga. "Nasra, mwanangu, unamchelewesha. Jua hili! Maiti hasubirishwi."

"Basi sema ulichokiona, mama mdogo. Sema kuhusu mbavu."

Aliiachia kanga yangu, akarudi ndani.

Waliliweka jeneza chini, kwa sababu mabega yalichoka. Nilikaa kitako pembeni, mkono wangu bado kwenye mpini. Adhana ya adhuhuri ikapita. Swala ikapita bila sisi. Jua liliwaka juu ya kile kitambaa cha kijani, nami nikakikinga kwa kanga yangu, nikabaki na mtandio tu. Hakuna aliyethubutu kunigusa. Hakuna aliyelitazama tawi pia. Lilikuwa chini, limeanza kunyauka.

Karibu saa nane Shehe Hamza, anayeswalisha msikiti wetu, alikuja kutuangalia. Alinisikiliza, akamsikiliza mjomba, akafuta jasho.

"Mimi sijui habari za tembo," akasema. "Ila huyu marehemu hawezi kukaa hapa. Mleteni mtu huyo, tuzike."

Kwa hiyo hawakunisadiki. Walichoka.

Yahaya aliletwa na mgambo wawili, homa bado inamtikisa, shati ni lilelile lenye damu ya mama. Aliniona nimeshika mpini. Alitia bega lake chini ya jeneza, mgambo mmoja huku, mwingine kule, wakaondoka. Mimi nikabaki mlangoni. Shehe ndiye aliyeniambia baadaye kwamba Yahaya alitupa konzi tatu za udongo, na ya tatu ilibidi ashikwe mkono ili aiachie. Kisha wakamrudisha stoo.

Askari wa wanyamapori alifika saa kumi na moja, pamoja na polisi. Aliangalia unyayo, akaangalia mti, akaandika. Hazikupita dakika tano. "Huyu ni dume, mkubwa," akasema. "Na kufunika hufunika, tumeshaliona." Mustapha akafungua stoo. Hakuna aliyemwomba Yahaya msamaha. Alikunja nguo zake kwenye mfuko mmoja, akaacha hata blanketi, akaenda kwao Haneti. Nikimpigia, simu inaita mpaka inakatika.

Watu huniuliza kama yule tembo alimfunika mama kwa huruma. Sijui. Chuoni walituambia hakuna anayejua. Mimi sitaki iwe huruma, maana ni yeye aliyemvunja kwanza. Najua tu kwamba alikwenda hatua thelathini kutafuta matawi na kurudi.

Sasa arobaini ya mama imekaribia. Wajomba walikaa kikao, wakamtuma mama mdogo Amina kwangu Miyuji. Nisikanyage arobaini, wamesema, mpaka nisimame mbele ya wanaume wa ukoo niombe radhi: kwa kumpigia mkubwa kelele, kwa kushika jeneza, kwa kumweka mama yangu juani zaidi ya saa nzima.

"Sema tu neno moja, mwanangu, yaishe," mama mdogo aliniambia. Alikuwa analia. "Hata kama hulimaanishi."

Ni kweli nilimweka mama juani. Nasikia joto la kile kitambaa kwenye viganja vyangu kila siku, na kila siku naumia. Lakini mumewe alimzika. Mwambie mjomba Ibrahimu, nilimjibu, mwambie mbele za watu wote: siombi radhi.