Sadaka ya Darasa la Saba

Kuna kinyaa cha kukanyaga kinyesi pekupeku, na kuna kile cha kumwona mtu mzima akijilamba vidole mbele ya mtoto mwenye njaa. Cha kwanza unanawa, kinaisha. Hashim alikutana na cha pili shuleni kwa binti yake, njia ya kwenda Magoma, siku darasa la saba walipofunga kambi.

Kambi kila mzazi wa huku anaijua. Mtihani wa taifa ukikaribia, watoto wanahamia shuleni na magodoro na ndoo zao, wanalala madarasani, wanasoma mpaka macho yanawatoka. Wazazi wanapeleka mahindi na maharage, na watoto wanakula makande hadi wanayaota. Shadya, binti yake Hashim, alikuwa amekonda, mabega yamechomoza kwenye sare. Kila baba yake alipopita kumjulia hali, ombi lake lilikuwa hilo hilo: "Baba, siku ya dua utatuletea nyama?"

Basi Hashim akatoa mbuzi. Hakuwapa walimu wala hakuipa shule. Ilikuwa sadaka ya watoto, washibe, waombewe, waingie kwenye mtihani wakiwa na nguvu. Alimchinja mwenyewe asubuhi, nyuma ya jiko la shule, na nia yake akaisema kwa sauti. Mwalimu mkuu Benedicto alikuwa amesimama palepale, mkono kifuani, anaitikia kwa kichwa. Ungemwona ungesema huyu ni mcha Mungu.

Bi Swaumu, mpishi, akabandika sufuria. Harufu ilipoanza kutoka, watoto waliokuwa wakifagia uwanja wakasahau uwanja wote, wakawa wanafagia karibu na jiko tu.

Mchana shehe akasoma dua, mchungaji naye akaomba, kila mtu akasema amina. Hashim alikuwa anatafuta pa kukaa kwenye nyasi na wazazi wenzake, Benedicto akamshika mkono.

"Mzee Hashim, wewe si wa kukaa kwenye nyasi. Njoo meza kuu. Shughuli yako hii!"

Tuseme ukweli, alifurahi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwita meza kuu. Akaketi barazani mbele ya kitambaa cheupe na chupa za soda, jirani na mgeni rasmi, bwana mmoja wa mjini mwenye shingo nene, na hotipoti zikafunguliwa. Akapakuliwa maini. Yalikuwa laini, yameiva vizuri, akala.

"Watoto wameshapewa?" aliuliza.

"Wanapewa, mzee, wanapewa," Benedicto akajibu akifyonza mfupa. Mafuta yalimteremka kiganjani hadi kwenye saa, naye akayafuata kwa ulimi. Mgeni rasmi alichokoa meno kwa kucha ya kidole kidogo, akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Hashim akageuza uso, lakini akaongeza kipande kingine.

Ndipo ikaitwa risala. Aliyetoka kuisoma ni Shadya. Alikuja na bakuli lake, akaliweka chini miguuni, akanyoosha mikono ubavuni, akaanza kwa ile sauti ya kukariri.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, tunawashukuru walimu wetu kwa kutulea kambini, na leo kutulisha nyama nzuri. Tumekula, tumeshiba."

Wakapiga makofi. Hashim akatazama lile bakuli. Makande. Yaleyale ya kila siku, yamemwagiwa mchuzi mwembamba wenye matone ya mafuta juu. Akamtafuta Bi Swaumu kwa macho, akamkuta mlangoni mwa jiko amejishika kiuno.

"Mimi nimeambiwa nyama yote ipite ofisini kwanza, shemeji," alisema. "Mimi nimebakiwa na mchuzi."

Kipande kilichokuwa mdomoni mwa Hashim kikageuka kitu kingine kabisa, cha moto na cha utelezi. Akakitemea kiganjani. Kichefuchefu kilimpanda kutoka tumboni, na hakujua amtapikie nani: mwenye shingo nene, mwenye saa ya mafuta, au yeye mwenyewe. Akainyakua hotipoti, akashuka nayo uwanjani.

"Watoto, njooni. Nyama yenu hii."

Hakuna aliyesogea. Walitazama nyama, kisha wakatazama barazani. Benedicto hata hakusimama. Alikuwa anatabasamu.

"Darasa la saba, si mmeshiba?"

"Tumeshiba, mwalimu!" wakaitika kwa pamoja, kama wanavyoitika darasani, na wengine mate yakiwa yamewajaa.

Wazazi kwenye nyasi wakainamisha vichwa. Mtihani ulikuwa unaanza kesho yake, na watoto wao walikuwa bado mikononi mwa watu wale. Hashim akachuchumaa mbele ya binti yake, akachagua pande zuri la paja, akamnyooshea.

"Shadya mwanangu. Ni mimi. Kula."

Koo la mtoto likapanda, likashuka. Macho yake yalipita juu ya bega la baba yake hadi barazani, kisha yakarudi, yakatua usoni mwake, yakakaa hapo.

"Nimeshiba, baba. Ahsante," alisema. Halafu akamsogelea sikioni, taratibu, asisikiwe na mtu, maana alikuwa mtoto mwenye adabu.

"Futa mdomo, baba. Una mafuta."