Kengele ya Majaribio

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Choma, tuligawiwa mashine kuukuu ya kukamua mafuta ya pamba, inayoendeshwa kwa mvuke. Mume wangu Kasimiri, fundi wa Ng'ambo, Tabora, akapewa kazi ya kuijaribu kabla ya sherehe ya kuizindua. Mvuke ukizidi, kengele yake hulia yenyewe. Hapo wanatakiwa watu wawili: mmoja avute kuni motoni, mwingine afungue mvuke utoke. Kasimiri alikuwa peke yake. Msaidizi wake alikuwa yeyote atakayeisikia kengele.

Balaa ni kwamba mlio wake ulifanana na wa kile kipande cha reli tulichokigonga kuitana mikutanoni. Kila ilipolia, kijiji kizima kilitupa majembe na kujaa uwanjani. Mwenyekiti wetu, Masele, akachemka kuliko tangi la mvuke la mashine hiyo.

"Kuanzia leo kengele ya mashine si kengele," akatangaza. "Ni majaribio. Atakayeacha jembe, atalima peke yake!"

"Mwenyekiti," Kasimiri akasema, "mvuke haujui kama haya ni majaribio."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikereka, kwa maana nilimjua Kasimiri: hakuwa mtu wa mzaha kazini.

Siku ya kuamkia sherehe tulikuwa tunapalilia pamba, kengele ikalia. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikangoja ikome kama siku zote. Haikukoma.

"Mwenyekiti, leo inalia mno."

"Palilia, mayu," akajibu, akiniita mama kwa kilugha. "Majaribio hayo."

Nilimtazama jirani yangu Eustadia. Akainamia magugu yake. Nikatupa jembe, nikakimbia, na nyuma yangu wakitaniana, "Pelagia kamkumbuka mume!"

Sijamaliza kulivuka shamba, kishindo kikanibwaga chini. Bati la banda la mashine likapaa, likaangukia pamba. Kengele ikawa kimya.

Nilimkuta chini, kando ya tanuri, hana uhai. Mlango wa tanuri ulikuwa wazi, kuni zimevutwa nje zote, bado zinafuka. Alikuwa ameimaliza kazi ya mtu mmoja.

Ndipo Masele akakikimbilia kile kipande cha reli. Alikigonga kwa mikono miwili huku akilia. Watu wakaja wote, mbio, wakajipanga uwanjani, wakangoja kuambiwa kuna nini.