Alipoinama

...kwa hiyo nikikata vitunguu nalia na hakuna anayeuliza, ndiyo raha ya jiko la hospitali, kila mtu ana macho mekundu, na mpishi mwenzangu kule kwenye kabichi ananiita, "Mama, hebu nirushie hicho kisu," nirushie, anasema, kama vile ni kitambaa, mwanangu nilimchapa mkono kwa hilo, hajafika hata usawa wa meza, nikamwambia kisu hakirushwi, unakiweka chini, taratibu, mpini ukimwelekea mwenzako, na alipokuwa mtu mzima akawa ananitania, "Haya mama, nimekilaza, nikifunike shuka?"... alikuwa na kisu, sikatai, kisu changu mwenyewe, aliingia nacho duka la dawa akadai pesa, yule binti wa kaunta mpaka leo akisikia mlango anashtuka, nilimwona siku ya uchunguzi wa kifo cha mwanangu nikashindwa kumtazama, na yule askari aliyempiga risasi naye, kijana tu, rika lake huyo niliyemzika, anafuta viganja kwenye suruali, anasema, "Nilimwambia tupa kisu, tupa, hakutupa, akainama, nikajua anajikunja anirukie," na nikamchukia, nimemchukia nikilala nikiamka, kwa nini hakungoja, pumzi moja tu kabla ya kufyatua... "Mama, hicho kisu mmechumbiana?" wanacheka, nami nacheka kidogo, wasije wakaninyamazia tena... ila akainama, na askari alituonyesha, walimwambia aonyeshe, akashusha mkono hivi, polepole, karibu na sakafu, akageuza kiganja, nami nimekaa pale naona mkono wa mtoto wa mwenzangu unafanya kitu ninachokijua, kwa nini sikukijua... Mungu wangu, alikuwa anakilaza, alikuwa anageuza mpini umwelekee mwenzake, na huyo kijana angejuaje, hakulelewa na mimi, aliona mtu mwenye kisu anainama, basi... tulimwamuru wawili, mmoja yuko mbele yake na bunduki, mwingine yuko huku jikoni na vitunguu vyake, na akamsikiliza nani, mtoto ambaye hakunisikiliza kwa shule, wala marafiki, wala kurudi nyumbani mapema, siku ile, pale, alinisikiliza mimi... "Mama? Uko nasi?" niko, mwanangu, niko, rudisha mkono, usikimbilie, nakuwekea.