Supu Badala ya Moto

Philippa alikuwa mtu wa London, mumewe Clifford mtu wa milima ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Walihamia shambani kwa mama mkwe, Bi Edith, na baridi ilipoingia theluji ikafunga barabara. Clifford akawa anashinda nje akifukua kondoo. Nyumbani wakabaki wanawake wawili.

Asubuhi moja Bi Edith, aliyekuwa kitandani na mafua, akasema, "Mwanangu, mwenzio niko *starved*."

Kwa watu wa London neno hilo ni njaa. Philippa akamletea uji. Mchana bibi akalirudia, akaletewa supu. Jioni akalirudia tena, sasa kwa sauti ndogo.

"Mama, si umekula sasa hivi? Na hukumaliza," Philippa akamjibu kwa ukali kidogo.

"Basi, mwanangu. Yaishe."

Clifford aliporudi akaingia chumbani kwa mama yake, akatoka amebadilika uso.

"Moto kule umezimika tangu lini? Mama amekuwa barafu."

"Hakusema ana baridi. Kutwa nzima ni njaa tu."

"Alisemaje hasa?"

Philippa akamwambia. Clifford akaketi kwenye ngazi.

"Huku kwetu hiyo ndiyo baridi, Pippa. Zamani neno lile lilikuwa kufa tu, kwa lolote. Nyie wa kusini mkalipeleka kwenye njaa, sisi tukalipeleka kwenye baridi."

Ikawa nimonia. Daktari aliletwa kwa trekta, na bibi akapona, ila kifua hakikurudi kuwa kile cha zamani. Alipoweza kukaa, Philippa akamwomba radhi.

"Kwani ulinidhani mlafi?" bibi akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Haya, tumelipana. Mimi nilidhani wa London mna uchoyo wa kuni." Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Philippa hakucheka. Majirani walimfariji kwamba kosa ni la neno, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Lakini jioni ile ya supu, kabla Clifford hajarudi, akimfunika bibi blanketi, vidole vyake viligusana na vya bibi, navyo vya bibi vilikuwa baridi kama chuma. Aliisikia baridi ile. Akajisemea atarudi, akashuka jikoni, akawasha redio.

Hilo hakumwambia mtu, hata Clifford.